Leseni ya Darlène

Kitu cha kwanza alichokiona yule binti ni kwamba Mzee Roshanali alilowesha mikono kabla ya kumshika samaki. Aliitumbukiza yote miwili mtoni, akangoja ipoe, ndipo akamtoa trauti kwenye ndoano na kumwacha aende zake.

"Mkono mkavu unamchubua," alisema. "Atakuja kufa baadaye na wewe huna habari."

"Mzee, tumekuja kuvua au kusalimia? Kwetu Uvira ukimrudisha samaki majini, wanakupeleka kwa mchungaji uombewe."

Mzee alicheka mpaka akashika kiuno.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tano, sehemu za juu za Mto Humber, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani kwa mzee, huko Richmond Hill karibu na Toronto. Binti alikuwa akimhudumia siku nne kwa juma: dawa, chakula, kuoga. Leo alikuja ili mzee asiteleze kwenye mawe. Mzee alimpa ufito wa pili, akamfungia chambo, nzi wa manyoya, mwishoni mwa mshipi, kisha akamvisha shingoni leseni ya kuvulia, ndani ya plastiki. Leseni ilisema Darlène, miaka ishirini na minne, kwa sababu makaratasi yake yote yalisema hivyo.

Darlène alikuwa dada yake. Alikufa kwa homa katika kambi ya wakimbizi akiwa na miaka kumi na minne, faili lake la kuhamia ng'ambo likiwa tayari. Yeye mwenyewe, Joyeuse, mdogo wake, alikuwa amechelewa kufika kambini na hakuandikishwa popote. Shangazi yao aliamua siku hiyohiyo. Msalabani wakaandika Joyeuse, na Joyeuse, miaka kumi na mmoja, akapanda ndege kwa jina la Darlène. Toronto wakamweka darasa la watoto wa miaka kumi na minne. Alikaa nyuma, haelewi na haulizi, mpaka akaacha shule. Jambo hilo hakuwahi kulitamka kwa mtu.

Tangu asubuhi trauti walimfuata nzi wake, wakainua vichwa majini, wakaitazama ile plastiki kifuani, wakageuka.

"Wanasoma leseni," Mzee alisema. "Wa mto huu ndivyo walivyo. Mwenyewe hayupo?"

Joyeuse alirusha nzi tena.

Saa sita Darlène alikuja akitembea ndani ya mto, akipanda kinyume cha maji, bado ana miaka kumi na minne, amevaa kitenge kile walichomzikia. Mzee akamsogezea kiti cha kukunja, lakini Darlène hakukaa.

"Lete," alisema, akachukua ufito. Alirusha mara moja tu, trauti akashika.

"Kadi ya basi nayo ina jina langu?" aliuliza huku akivuta.

"Ndiyo, dada."

"Na benki?"

"Na benki."

"Mimi nina benki!" Darlène aliangua kicheko, samaki nusura amponyoke. "Na mchumba je? Usiniambie umenitafutia mwenye upara."

"Bado."

"Afadhali."

Joyeuse alimsogelea. "Hujanikasirikia?"

"Kwa nini? Wewe umebeba jina langu, mimi nimelalia lako. Ila mchwa wamekula ule msalaba. Zimebaki herufi mbili."

Alivua wengine watatu, akawaachia. Joyeuse aliketi kwenye kiti cha kukunja na kula sambusa mbili za mzee. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi chakula kushuka bila kukwama.

Afisa wa uvuvi alitokea kwenye miti akaomba leseni. Joyeuse aliivua, akamvisha dada yake. Afisa alisoma tarehe ya kuzaliwa, akamtazama Darlène, akamsifu kwamba amejitunza. Akaandika daftarini kwamba Darlène yupo na hana kosa. Kisha akamgeukia Joyeuse, akamwuliza jina lake.

Joyeuse alifungua kinywa, akakifunga.

"Huyu anatazama tu," Mzee alisema. Afisa akaenda zake.

Jua lilipoanza kushuka, Darlène alirudisha leseni. "Kaa nayo. Huko kwangu hawaiombi."

Joyeuse alichutama, akalowesha mikono yote miwili mtoni, akangoja ipoe. Ndipo akamshika dada yake mashavu, kidogo tu, akamwacha. Darlène akashuka na maji mpaka kwenye kona.

Garini, Joyeuse akiwa kwenye usukani, simu ililia. Ilikuwa ratiba ya Jumatatu kutoka kazini: Darlène, saa mbili asubuhi.

"Darlène, binti yangu, washa hita," Mzee alisema.

Aliiwasha. Mikono yake ilikuwa bado imelowa.

"Mzee," alisema, "mimi naitwa Joyeuse."