Uso wa Mfarishi

Uzi wa dhahabu ulikatika tena pale pale ulipozoea kukatikia, kwenye tundu la sindano, ukaacha manyoya madogo yanayometameta. Binti aliondoa mguu kwenye kanyagio, akajikunyata kwenye kiti kama mtoto aliyevunja kikombe. Aliomba kimya chake kisisikike. Lakini cherehani ikinyamaza ghafla nyumba nzima hujua, na katika nyumba ile alikuwamo mtu aliyeishi zaidi na sauti ya cherehani kuliko alivyoishi na sauti ya mumewe.

"Umekatika," mama yake alisema kutoka chumba cha pili.

"Hapana, Mama. Nabadilisha bobini."

"Bobini umeibadilisha sasa hivi."

Binti aliichungulia bobini, kile kigurudumu kinachobeba uzi wa chini; ilikuwa bado imejaa. Alilowesha ncha ya uzi kwa mate, akautunga upya, akashona kipande kifupi kama kidole, nao ukakatika. Safari hii mama yake hakusema kitu. Labda alimhurumia, labda amelala. Binti alijiambia kwamba amelala.

Mtaani walimwita mama huyo Mama Suti. Maisha yake yote alishona makoti na suruali za watu wanaotaka kuheshimiwa, na wengine waliheshimiwa kweli kwa sababu ya koti tu. Mshono wake ulikuwa umebana, umenyooka, na hakuna aliyewahi kurudi kwake na kwapa lililofumuka. Sasa macho yalikuwa yanamfifia. Daktari alikuwa amezungukazunguka kwa maneno mengi, kisha akasema lililo wazi: nuru iliyobaki nayo itaondoka, miwani haitasaidia, wala dawa ya matone, na yeye hawezi kujua ni lini. Binti alimshukuru, kwa namna mtu anavyomshukuru anayempa habari mbaya kwa adabu, akamshika mama yake mkono, wakatoka.

Kitu kimoja kilikuwa kimebaki. Mama Suti hakuweza tena kuuona uso wa mwanawe aliyekaa mbele yake, lakini kitu kinachong'aa dirishani alikidaka. Asubuhi moja alichekea kijiko. "Kijiko nakiona," alisema. "Kikombe ndicho kinachonikimbia." Binti alicheka naye, kisha akaenda jikoni akasimama mbele ya sinki bila kuosha chochote.

Hapo ndipo lilipomjia wazo la mfarishi, blanketi la vipande vya nguo vilivyoungwa. Kaka yake alikuwa amerudi safarini na kibiringo cha uzi wa dhahabu, akakirusha mezani akisema kwamba ameleta utajiri nyumbani, wasimsumbue tena. Binti alikitazama kikiangaza pale mezani, akaona mama yake amegeuza kichwa kukielekea. Siku ile ile alitoa chini ya kitanda gunia la vipande vya suti ambavyo Mama Suti hakuwahi kuwa na moyo wa kuvitupa: vyeusi, vya buluu iliyokolea, vya rangi ya mkaa. Walivichambua pamoja. Mama alivitambua kwa vidole. Hiki ni cha bwana harusi aliyezimia, hiki ni cha yule mwalimu mwenye bega moja juu, hiki sitaki hata kukisikia, mwenyewe alikuwa na maneno mengi. Binti aliviunga vikawa uso mmoja wa giza, akaweka pamba katikati, na mgongoni akatia shuka la kijivu. Sasa ilibaki kuzishona tabaka zote tatu pamoja kwa mistari ya dhahabu, ianzie pembe moja na kutawanyika kama mbavu za mwavuli. Jua likiingia asubuhi, mama yake awe na kitu cha kutazama kabla ya kutoona kabisa. Hakuwa akitaka zaidi ya hilo.

Na hilo tu ndilo lililomshinda. Alifanya kwanza alivyofundishwa: uzi ukileta ukorofi, kaza. Alikaza, ukakatika. Akakaza zaidi, ukakatika kwa hasira. Alikwenda kwa muuza nyuzi, mzee mchangamfu anayeongea na bidhaa zake, naye akamweleza kwamba ule si uzi hasa, ni kamba nyembamba iliyovishwa ganda la madini, na ukiusugua unavuliwa nguo. Alimpa sindano yenye tundu pana. Alimwambia alegeze, asikimbize cherehani, na kibiringo kisilale, kisimame, uzi usije ukajisokota. Binti alifanya yote. Alikisimamisha kibiringo ndani ya kikombe sakafuni, nyuma ya cherehani, akashona taratibu kama anayetembea kwenye matope. Uzi ulikwenda kiasi cha shubiri, akaanza kutabasamu, ukakatika.

Kaka alipopiga simu na kumshauri anunue blanketi lililo tayari, lenye vitu vinavyong'aa, nusura amtolee maneno ambayo ndugu hawapaswi kuambiana. Alikata simu. Aliona uchungu kwa sababu shauri lenyewe halikuwa baya, ila yeye hakuwa na moyo wa kulifuata.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba siku zilikuwa zinakwenda. Alifumua, akashona, akafumua, huku chumba cha pili mambo yakibadilika kimyakimya. Mama Suti aliacha kuomba pazia lifunguliwe. Mkono wake ulianza kupapasa meza ukitafuta kikombe kilichokuwa mbele yake, na binti akajifunza kukisogeza hadi kiguse vidole, bila kutamka lolote. Mama alisema ahsante kama vile amekiona mwenyewe. Wote wawili walikuwa wamekula njama ya kutolisema jambo hilo. Binti alijua kwamba mbio hizi anashindwa, na anayeshindana naye hata hamuoni.

Alasiri moja alivunjika moyo kabisa. Uzi ulikatika katikati ya mstari aliokuwa ameukaribia mwisho, naye akalaza paji la uso kwenye mkono wa cherehani, akalia bila sauti. Hakusikia nyayo. Alipoinua kichwa, mama yake alikuwa amesimama karibu naye, kiganja kimoja ukutani.

"Nipe huo uzi," Mama Suti alisema.

Aliupitisha kati ya dole gumba na kidole cha shahada, polepole, kama anayepima mapigo ya moyo wa mgonjwa. Binti alimhesabia yote aliyojaribu: sindano, kulegeza, kikombe sakafuni. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea polisi.

"Hautaki kukaa juu," mama alisema. "Uweke chini."

"Chini wapi?"

"Kwenye bobini. Kule haupiti tundu la sindano, hakuna wa kuusugua. Juu tia uzi wa kawaida wa kijivu. Kisha geuza kazi, ushone kwa mgongo."

Binti alimkodolea macho. Huyu ndiye mama aliyewahi kumchapa rula vidoleni kwa kushona nguo kwa mgongo, akimwambia kwamba asiyetazama uso wa kazi yake aondoke kwenye kiti awapishe wengine.

"Lakini Mama, dhahabu itakuwa chini. Nitakuwa nashona nisichokiona."

"Ndiyo."

Mama Suti alimrudishia uzi, akautafuta ukuta kwa kiganja.

"Utazoea, mama," alisema, akarudi chumbani kwake.

Binti aliuzungusha uzi wa dhahabu kwenye bobini kwa mkono, polepole, akalegeza kidogo kiskurubu cha kikopo kinachoishika bobini. Alichora mistari kwa chaki kwenye shuka la kijivu, akalaza kazi kifudifudi chini ya sindano. Mwanzoni alisimama kila baada ya hatua chache akainua pindo na kuchungulia kama mpishi asiye na imani na sufuria yake. Mstari ulikuwepo, mzima, unameremeta kwenye suti za watu. Aliacha kuchungulia. Mara moja dhahabu iliisha kwenye bobini naye hakujua, akashona sehemu ndefu yenye matundu matupu, akalazimika kurudi nyuma na kuanza upya. Hakulia. Alikuwa ameanza kusikia tofauti kwa vidole, jinsi nguo inavyovutwa wakati uzi upo na jinsi inavyoteleza wakati haupo. Cherehani iliimba bila kukatizwa, na kutoka chumba cha pili hakuna aliyesema kitu.

Alimaliza asubuhi, jua likiwa limekwisha kuingia dirishani kwa mama yake. Hakungoja hata kukata nyuzi zilizoning'inia. Aliuzoa mfarishi kwenye cherehani kama ulivyokuwa, akaingia nao chumbani, akamtandikia mama kuanzia kifuani hadi miguuni, akavuta pazia hadi mwisho. Mwanga ulimwagika kitanda kizima. Binti alikaa ukingoni na hakutazama nguo. Alimtazama mama yake usoni, kwa sababu uso ule ndio aliokuwa ameufanyia kazi siku zote hizo.

Mama Suti aliinua kichwa kidogo kutoka kwenye mto. Macho yake yalikwenda chini, yakapita juu ya mfarishi polepole, kutoka pembe moja hadi nyingine, kama ya mtu anayesoma. Kisha akatabasamu.

"Naiona," alisema. "Mwanangu, inang'aa. Mistari yote naiona."

Moyo wa binti ulifurika. Alitaka kucheka, alitaka kumpigia kaka yake simu. Aliinamisha macho ili waitazame pamoja dhahabu ile waliyoihangaikia.

Kitandani palikuwa na shuka la kijivu. Kijivu kitupu, chenye alama za chaki na mishono ya uzi wa kijivu. Siku zote hizo alizoea kuuona upande ule ukiwa juu, na ndivyo alivyoutandika. Dhahabu yote ilikuwa chini, imelalia kanga na magoti ya mama yake, gizani.

Binti aliinama. Mkono wake ulishika pindo uligeuze, ukakwama hapo. Akiligeuza, mama atajua kwamba binti amegundua kuwa haoni. Asipoligeuza, dhahabu itabaki palepale. Aliutafuta ujanja wowote, hata wa kitoto, asiupate.

"Nafurahi, Mama," alisema.

"Umeshona vizuri."

Mama Suti alivuta mfarishi hadi kidevuni kama anayehisi baridi. Mkono wake wa kulia uliingia chini ya mfarishi na kutulia juu ya kifua. Kisha ukaanza kwenda. Binti aliuona kwa juu, kivimbe kidogo kikitambaa chini ya kijivu. Ulikuta mstari wa kwanza, mkavu, wenye kukwaruza, ambao hakuna uzi mwingine duniani unaofanana nao. Ukasimama.

Tabasamu halikuondoka usoni mwa mama, ila lilibaki pale peke yake, kama taa iliyosahauliwa kuzimwa. Nje mtu alipita akipiga mluzi.

Baada ya muda vidole vilianza tena safari. Viliufuata mstari hadi pembeni, pale ambapo mbavu zote za mwavuli zilikutana, vikashika wa pili, vikateremka nao. Mishono ilikuwa imelingana. Haikuwa imebana sana.

"Umelegeza," mama alisema.

"Ndiyo."

"Hapa ulirudia."

"Bobini iliniishia, sikujua."

Mama Suti alitikisa kichwa kukubali. Binti aliingiza mkono wake chini ya mfarishi, akapapasa hadi akaupata wa mama yake, akauwekea wake juu, na mikono miwili ikaendelea kuteremka na uzi ule, taratibu, jua likiwa limewaka juu ya kijivu.