Gramafoni Iliyopima Kamera

Mzee Alois aliwahi kutengeneza redio iliyokamata taarifa ya habari ya kesho yake. Aliivunja mwenyewe, kwa maelezo yake, maana mtaa mzima Morogoro ulianza kwenda misibani kabla mtu hajafa. Kwa hiyo Shamimu, mpiga picha wa jirani, alipomletea kamera yake ya Kirusi, mzee hakusema kama anaweza. Aliuliza inatakiwa lini.

"Shikamoo, baba. Jumamosi nina jubilei ya ndoa Mgeta. Harusi iliyopita wacheza ngoma wote walitoka pichani na mikono minne! Sijui ni kamera au ni mimi natetemeka. Ikitokea tena, watamwita yule wa studio ya picha za rangi, iliyofunguliwa biashara zilipopewa ruksa, na mimi basi."

"Marahaba. Tutaipima. Mashine haidanganyi."

"Tofauti na watu fulani," alisema Kristina, mkewe, akichambua mchicha.

Mzee alichomoa transista kwenye redio mbovu, akaikwangua rangi nyeusi mpaka ikaona mwanga, akaiunga na mita ya mshale. Kamera ikichelewa kufumba, mshale unapanda zaidi. Lakini mshale nao ulitaka kufundishwa muda. Akaiendea gramafoni yake, ambayo huzunguka mara thelathini na tatu kwa dakika. Akaivisha duara la boksi lenye mwanya ukingoni, mwanya uliopita juu ya tochi kwa muda ule ule ambao kamera isiyo na kasoro hufumbua jicho: sehemu moja ya mia na ishirini na tano ya sekunde. Mshale ulipogota, akaweka alama ya wino.

Kisha ikaja zamu ya kamera. Mshale ukagota palepale kwenye wino.

"Kamera nzima kabisa. Mikono ndiyo inatetemeka, mwanangu. Kunywa uji."

Shamimu aliitazama mikono yake. "Basi wamchukue huyo wa rangi," alisema, akaandika barua ya kujitoa, akaenda kuipeleka kwenye malori ya mboga ya Mgeta.

Mzee akajipongeza kwa wimbo, akaweka santuri kwenye gramafoni ile ile.

"Huyo mwimbaji ni mwanamke, wajua?" alisema Kristina. "Kwa jirani anaimba kama mwanamke. Humu ndani ana ndevu, tangu ulipofunga huo mpira wa baiskeli."

Mkanda wa gramafoni ulikatika zamani, naye akaweka kipande cha tyubu. Kila aliyelalamika aliambiwa nyimbo za siku hizi zina haraka. Sasa akabandika karatasi kwenye sahani, akashika saa, akahesabu mizunguko ya dakika moja. Kumi na sita. Akarudia, labda itaongezeka. Kumi na sita.

Kumbe alama ya wino ilikuwa ya muda mara mbili, na kamera iliyoifikia ilichelewa mara mbili.

Alitoka mbio mpaka kwenye malori, kandambili moja yake, nyingine ya mkewe.

"Shamimu! Mashine imedanganya!"

"Mashine, baba?"

Wapakia kabichi waligeuka. Mzee akajisahihisha. "Mimi. Nimekosea mimi. Mikono yako haina neno. Kamera ndiyo inachelewa: weka namba mia mbili na hamsini, itakupa mia na ishirini na tano."

Shamimu alimpokonya utingo wa lori barua yake, akaichana.

Picha za Mgeta zilitoka kila mcheza ngoma na mikono yake miwili. Moja ilimnasa Mzee Alois, aliyejialika mwenyewe, mdomo wazi na kidole juu, akiwaeleza wazee habari za gramafoni inayozunguka taratibu mno hata mkewe ameacha kuzeeka.

Kristina ndiye aliyeitundika sebuleni.