Mutumia wa Kalama

Mgeni anayekuja kwako na daftari, mchunge kuliko anayekuja na panga. Mwenye panga nia yake unaiona toka mbali. Mwenye daftari atakunywa chai yako, atayasifu maharagwe yako, kisha atakuuliza babu yako alizikwa wapi.

Huyu wangu alikuja siku ya kumi na mbili. Nilikuwa nazihesabu. Baba yangu, Wambua Ngui, alifariki akaniacha mimi mtoto wake wa pekee, na ekari saba hapa Kalama zikiwa bado kwa jina lake. Nikapeleka kesi ya urithi mahakamani Machakos, tangazo likatoka kwenye gazeti la serikali, na mwenye pingamizi akapewa siku thelathini. Nilijua fika nani angependa kupinga. Boma letu lilianzishwa na Kitheka, aliyekuwa na wake wawili. Sisi ni wa nyumba ndogo, nyumba ya Kalondu, ambaye nimerithi jina lake. Nyumba kubwa ina Rodgers, mwanamume wa makamo asiye na kazi ila kuzunguka hoteli za sokoni akisema kwamba nyumba ndogo “iko na maneno.” Maneno gani, hakusema, na hilo ndilo lililonitia kichaa.

Sasa katikati ya hesabu hiyo akashuka kwa bodaboda mwanamke wa miaka kama thelathini. Bodaboda yenyewe ni ile ile inayombeba Rodgers. Ni kweli inambeba kila mtu, lakini mimi nililiweka hilo moyoni.

“Hodi, mama. Habari ya hapa?”

“Mzuri. Unauza nini?”

“Siuzi kitu. Naitwa Wagaki, nimetoka Yatta. Niko na swali kuhusu familia.”

Heri angekuwa anauza dawa ya panya. Mimi ni fundi wa sare za shule mjini. Miaka ishirini nimepima watu mabega, na mabega ya mtu hayajui kudanganya. Ya Wagaki yalikuwa yametulia mno kwa mtu aliye kwenye boma la wenyewe. Nikampa chai, maana adabu ni adabu, lakini kiti nikakiweka nje.

Akafungua daftari. Lilikuwa limejaa majina yaliyounganishwa kwa mistari, baba chini ya babu, wana chini ya baba. Kisha akanionyesha picha kwenye simu: ukurasa wa mbele wa Biblia ya babu yake, mfanyabiashara Mkikuyu aliyeitwa Gatimu. Juu yalikuwa majina ya watoto wake kwa wino. Chini kabisa, kwa penseli, kulikuwa na maneno machache tu: *Mwana wa Kalama, kwa mutumia. 1956.*

“Mutumia ni bibi,” Wagaki akasema. “Kumbe guka alikuwa na bibi huku, na mtoto. Hakuwahi kutuambia. Baba yangu, Githinji, ndugu zake wote wamekufa. Sasa anataka tu kujua kama ako na ndugu.”

Anataka tu. Hilo neno “tu” limewatoa watu wengi kwenye mashamba yao. Baba yangu alizaliwa elfu moja mia tisa hamsini na sita, na mwaka huo umeandikwa kwenye jiwe la kaburi lake, hatua kumi kutoka pale tulipoketi. Nikasogeza kiti changu taratibu nimzibe asilione. Alikuwa ameshaliona.

“Huyo Ngui, baba ya Wambua, alikuwa nani?”

“Babu yangu.”

“Alizaliwa mwaka gani?”

“Zamani,” nikasema. Akaandika “zamani” kwenye daftari lake, nami nikapandwa na hasira hadi masikioni. Alipoondoka aliniachia namba mbili, yake na ya baba yake, nikazipokea kwa ncha za vidole.

Nikaamua kumtafuta Ngui mwenyewe. Nikiwa na vyeti vyake mkononi, aje Wagaki, aje Rodgers, waje na wazimu wao wote. Nikaanza nyumbani. Makaburi tunayo manne: Kitheka, Kalondu, Mwongeli mama yake baba, na baba. La Ngui halipo. Utotoni nikiuliza niliambiwa “Ngui hayuko,” nikadhani alifia mbali, labda Mombasa, labda vitani, na mtoto ukishajibiwa unarudi kucheza. Nikaenda mjini ofisini kuuliza kipande chake cha kitambulisho. Karani akataka mwaka wa kuzaliwa, chifu wake, hata jina la mtu aliyemjua. Mimi nilikuwa na jina moja, Ngui, na hasira. Nikatoka mikono mitupu.

Nikaenda kanisani, ambako baba alibatizwa akiwa kijana wa miaka kumi na miwili. Peris, katibu wa parokia, akanifungulia kitabu kikubwa chenye harufu ya mende. Jina: Wambua. Mama: Mwongeli. Baba: Ngui. Mbele ya majina ya baba za wenzake wameandika kijiji, au “marehemu,” au “hajabatizwa.” Mbele ya Ngui kulikuwa na kistari kifupi.

“Hii kistari maana yake ni nini?”

“Kistari ni kistari,” Peris akasema. “Waliandika vile waliambiwa.”

Hapo hata Ngui mwenyewe nikaanza kumshuku. Ni mtu gani huyu asiye na kipande wala kaburi wala kijiji? Alimkimbia Mwongeli? Aliua mtu? Au Mkikuyu wa Yatta alimpora mke, na aibu ikamfukuza? Nilikuwa nimekaa na mawazo hayo Peris aliposimama na birika. “Ngoja niwapelekee atumia chai,” akasema, akaelekea chumba cha wazee wa kanisa waliokuwa mkutanoni.

Atumia. Mutumia mmoja, atumia wengi: neno hilo nimelisema tangu nijue kusema. Kwa Kikamba mutumia ni mzee, mwanamume wa mvi na fimbo na kikao. Ni Wakikuyu ndio huwaita wake zao hivyo, na tumeshawacheka mara ngapi sokoni! Wagaki alikuwa amesoma Kikamba kwa miwani ya Kikuyu. Nikacheka peke yangu humo ofisini, nikampigia simu hapo hapo.

“Wagaki, babu yako hakuwa na bibi huku. Mutumia kwetu ni mzee. Huyo mtoto alikuwa kwa mzee fulani, pengine alikuwa anamchungia mbuzi.”

“Lakini mama, guka aliandika na Kikuyu.”

“Aliishi huku, akajifunza Kikamba.”

“Sawa. Na huyo mzee ni nani?”

“Njoo Jumamosi. Kuna mtu atakuambia.”

Mchimba kisima huingia mwenyewe, husema wahenga. Siku hiyo niliona wanawasema watu wengine.

Mtu mwenyewe alikuwa Kaluki, mdogo wake nyanya yangu Mwongeli, ambaye naye namwita susu. Alikuja bomani kwetu akiwa wa miaka kumi na mitatu kumbeba baba mgongoni, na sasa anaishi karibu na soko, anasuka vyondo na kugombana na redio. Nikamketisha Wagaki mbele yake, nikauliza kwa Kiswahili ili mgeni asikose hata neno.

“Susu, mwaka wenye baba alizaliwa, mutumia wa mji wetu alikuwa nani? Kitheka ama Ngui?”

“Kitheka alikuwa amekufa kitambo.”

“Basi ni Ngui.”

Kaluki akaendelea kusuka. “Huyu msichana ni wa nani?”

“Wa Gatimu, wa Yatta,” Wagaki akajibu mwenyewe.

Mikono ya Kaluki ikasimama. Akanitazama mimi, si Wagaki, kama anayeniuliza ni nani amenituma. Kisha akaizima redio, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya hata kwa padri.

“Mutumia wa huo mji alikuwa Kalondu,” akasema.

“Kalondu ni mwanamke, susu.”

“Kwani nimesema ni nini? Kalondu hakuzaa kijana. Nyumba ikikosa kijana, shamba inarudi kwa nyumba kubwa, na hao watu wa kina Rodgers walikuwa wamekaa wanangoja. Sasa yeye akafanya vile mila inasema. Akatoa mbuzi, akatoa ng'ombe, akaoa dada yangu. Mwongeli alikuwa iweto. Aliolewa na mwanamke, kwa jina ya kijana mwenye Kalondu angezaa. Hiyo jina ndio Ngui.”

“Na Ngui alikufa lini?”

“Atakufa aje na hakuzaliwa?”

Siku nzima kanisani na ofisini nilikuwa nikimtafuta mtu ambaye hakuwahi kuvuta pumzi. Kaluki hakunihurumia, akaendelea. Kalondu alikaa vikao na wanaume wa ukoo, akanywa nao, akaamua kesi nao. Nao wakamwita mutumia, maana ndiye aliyekuwa mwenye mji.

“Kwa Kikamba alikuwa mutumia. Kwa Kikuyu pia alikuwa mutumia. Gatimu alikuwa anacheka hiyo neno mpaka anakaa chini.”

“Alimjua?” Wagaki akauliza, na sauti ilikuwa imebadilika.

“Wakati wa Emajensi ya mkoloni, Wakikuyu walikuwa wanashikwa Nairobi. Huyo alikimbia akafika huku, Kalondu akamficha, akampatia jina ya Kikamba na mbuzi za kuchunga. Alikuwa mtu wa heshima. Kalondu akaambia Mwongeli, huyu ndiye atakupatia mtoto. Hivyo ndio kulikuwa kunafanywa. Siku ya Gatimu kwenda, Kalondu alimwambia mtoto ni wa Ngui, na asirudi kuuliza. Hakurudi.”

Wagaki alilia kimya kimya, akijifuta kwa upande wa daftari. “Kwa hivyo Wambua ni ndugu ya baba.”

“Wambua ni wa Ngui.”

“Lakini kwa damu, cucu…”

“Damu haikuoa hapa,” Kaluki akasema. “Mbuzi ndio zilioa.” Kisha akanigeukia. “Na wewe funga mdomo. Siku Rodgers atasikia umesema babu yako ni Gatimu, umemwambia hakuna Ngui. Na kama hakuna Ngui, hiyo shamba ni ya nyumba kubwa. Kalondu alifanya kazi kubwa, usimharibie.”

Basi hayo ndiyo “maneno” ya nyumba ndogo. Nilimsindikiza Wagaki hadi barabarani. Akasimama, akafungua daftari kwenye jina la Gatimu. Chini yake palikuwa na mstari ulioshuka pembeni ukaishia kwenye mraba mtupu, juu yake neno Kalama.

“Nikuandike hapa?” akauliza. “Wewe na baba yako?”

Nitasema ukweli. Nilimwamini. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke bodaboda nilimwamini kabisa, na nilitamani kuliona jina la baba ndani ya ule mraba. Nami mwenyewe sina mume, sina mtoto. Nikimtoa Kaluki, sina wa kuniuliza nimeamkaje. Lakini zilikuwa zimebaki siku tisa, na karatasi ni karatasi, ikishaandikwa ina miguu yake.

“Usiandike.”

“Hakuna mtu ataona. Ni yetu tu ya nyumbani.”

“Tu,” nikasema. “Hapana. Baba yangu ni Wambua wa Ngui. Huyo mtoto wenu mtafute kwingine.”

Akatoa kalamu, akalikata neno Kalama kwa mstari, pole pole, akaniaga kwa heshima zote. Alinishukuru hata kwa chai.

Siku thelathini zikaisha. Rodgers hakupinga, labda hakujua kitu, labda alikuwa mdomo tu. Miezi ikapita, mahakama ikanithibitishia, nikapewa hati. Niliipeleka nyumbani ndani ya bahasha ya kaki, nikaiweka mezani, nikakaa mbele yake. Nilitaka kumwambia mtu. Nikawaza nimwambie nani, nikamaliza kuwaza upesi.

Nikaipiga namba ya Wagaki. Haikupatikana. Nikaipiga ile ya pili.

“Haloo?” akasema mzee mmoja, na nikashika meza. Ilikuwa sauti ya baba yangu. Hata kile kikohozi kidogo kabla ya neno kilikuwa chake.

“Haloo,” nikasema. “Naitwa Kalondu.”

“Kalondu wa nani?”

“Wa Wambua. Wa Kalama.”

Nilisikia kuku upande wa pili, na mtu akisukuma kiti.

“Wambua wa nani?” mzee akauliza, taratibu sana.

Alikuwa ananifungulia mlango, nami nilijua. Lakini nikakumbuka kwamba simu hurekodi, na kwamba wakili wangu alisema hati hata ikitoka inaweza kubatilishwa kama kuna uongo. Nikajiuliza Wagaki amekwenda wapi, na kwa nini siku hii ndiyo simu yake imezimwa. Rodgers nikamwona akilini amekaa kwenye kiti kile kilichosukumwa.

“Wa Ngui,” nikasema.

“Aa.” Kikohozi kikaja tena. “Basi umekosea namba, mama. Sisi tulikuwa tunatafuta wa Gatimu.”

Hakukata. Alingoja, na mimi nikangoja, tukasikilizana tukipumua. Kisha akaniambia Mungu anibariki na shamba langu, akakata.