Vyungu Vinne, Kaya Moja

Mwaka 1994 nilikuwa mwaka wa tatu chuo kikuu, Dar es Salaam, nikisoma takwimu, na umri wangu ulikuwa miaka thelathini na mmoja. Darasani waliniita Babu. Wao walitoka kidato cha sita. Mimi nilitoka ofisi ya shamba la mkonge karibu na Kilosa, ambako nilikuwa karani hadi shamba lilipouzwa na sisi tukapunguzwa. Hesabu za kidato cha tano na sita nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu viwili visivyo na majalada, nikafanya mtihani kama mtahiniwa binafsi. Nilifaulu mara ya tatu.

Nililipenda somo lile kuliko nilivyoweza kumwambia mtu. Nilipenda karatasi za miraba, na kikokotoo nilichonunua Kariakoo siku zile maduka yalipoanza kujaa vitu. Zaidi ya yote nilipenda kuona wastani ukijitokeza taratibu kutoka kwenye rundo la majibu ya watu wasiojuana.

Kwa mradi wa kumaliza chuo nilichagua nyumbani, kata ya Ulaya huko Kilosa. Kwa siku kumi nilizunguka na baiskeli nikihoji kaya sitini: mko wangapi, na chakula mlichovuna kinawatosha miezi mingapi. Nikarudi chuoni nimeridhika.

Dakta Elineema, msimamizi wangu, aliniita ofisini. Kaya hamsini na saba zilikuwa na watu watano, sita au saba. Tatu zilikuwa na ishirini na nne, ishirini na tisa na thelathini na mmoja.

"Abubakari," alisema kwa upole, "hizi umezipika."

Nilisema sikupika. Akanipa wiki mbili nimletee maelezo, la sivyo hatatia saini, na bila saini yake nisingemaliza chuo. Amos, niliyekaa naye chumba kimoja, aliona nahangaika bure. "Zifute, Babu," alisema. "Watu wenyewe si wako Ulaya? Wazungu watawahesabu."

Nilicheka, lakini sikufuta. Nilipanda basi hadi Mikumi, nikashinda kando ya barabara nikisubiri gari la kuingia Kilosa, nikapata lori la saruji lililonifikisha Ulaya nikiwa mweupe kama mtu aliyeanguka kwenye unga.

Ile kaya ya watu ishirini na tisa ilikuwa ya Mzee Maduhu, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake miaka miwili kabla. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia hesabu baadaye, kwanza tule. Wanaume tulikaa pamoja kando ya zizi. Ugali ukaja kutoka jiko la mke mkubwa, ukaja mwingine kutoka kwa mke wa pili, mwingine kwa mke wa tatu, na ugali wa nne kutoka kwa Anastazia, mke wa Yeremia, mtoto wa kwanza wa Maduhu. Tukala kote.

Hapo nikaliona kosa langu. Chuoni tulifundishwa kwamba kaya ni watu wanaokula chungu kimoja, na kwetu ukimuuliza mtu kaya yake atakujibu hivyo hivyo. Lakini kwa Kisukuma kaya ni mji mzima, na kila aliyemo ndani ya ua. Neno lilikuwa moja, nami sikuwahi kuuliza kama maana ilikuwa moja.

"Mzee," nilisema, "Yeremia anakula chungu kipi?"

"Vyote. Wewe leo umekula kipi?"

Wenzake wakacheka. Nikamweleza kwamba kwa kanuni za somo langu ilinipasa kumwandika kama kaya nne. Akaacha kunawa.

"Wanangu wakisikia hapa pana kaya nne," alisema, "watauliza nimekufa lini."

Niliona kwamba nikimgawa ningepata saini, na karatasi yangu ingesema jambo ambalo mwenye mji amelikataa. Nikachukua rula, nikachora safu mpya, nikaiita vyungu. Kaya moja, vyungu vinne. Ikabaki kazi ya kumpa kila mtu chungu chake, na kwa wanaume waliokula kote swali langu halikufaa. Nikauliza jingine: akiugua, uji wake hutoka jiko lipi? Hapo majibu yalikuja bila kusita. Hata Maduhu mwenyewe alitaja jiko la mke mkubwa, na mbele yangu hakuna aliyebisha.

Akabaki Bibi Selestina, mama yake Maduhu. Nilipouliza uji wake, wanawake wote wanne walijibu pamoja, kila mmoja akitaja jiko lake, kisha wakaanza kukumbushana nani alimpikia lini. Bibi alisema jambo kwa Kisukuma, wakatulia wakicheka. Yeremia akanitafsiria: anakula panapoiva mapema.

Nikamwandika robo kwa kila chungu.

Ile miji mingine miwili niliifanyia vivyo hivyo, nikarudi chuoni na majedwali mawili, moja la kaya na moja la vyungu, na ukurasa mmoja wa kueleza kwamba kosa halikuwa la waliojibu. Lilikuwa la swali langu. Katika jedwali la vyungu, namba zile za mbali zilikuwa zimerudi karibu na zile nyingine.

Dakta Elineema aliyasoma. Alifika kwenye mstari wa Maduhu, akasimamisha kidole.

"Saba na robo kila chungu," alisema. "Huyu robo ni nani?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akatia saini.