Wembe wa Mutahi

Watu wa Karatina wakihesabu mafundi wao hutaja seremala na makanika. Mimi humtaja Mutahi, aliyekuwa akituonyesha sinema katika ukumbi wa kanisa, na anayebisha nitamweleza sababu.

Mwaka ulikuwa 1964. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na kwetu alikuwa amerudi mtu niliyeambiwa ni baba yangu. Mtu huyo, Wamae, aliingia msituni kupigana na wakoloni nikiwa mchanga, akatoka uhuru ulipopatikana, nywele zimemfika mabegani, macho hayapepesi. Nilimwogopa vibaya sana. Kila jioni mama alinipa sahani nimpelekee kwenye thingira, nyumba yake pale uani, kama binti anavyopaswa. Mimi niliiweka chini mlangoni nikatimua mbio. Hakulalamika hata siku moja, na hilo nalo lilinitia hofu.

Jumamosi moja mchana tuliziba madirisha ya ukumbi kwa mablanketi. Mutahi alikuwa ameletewa filamu kongwe ya wazungu, isiyo na sauti. Mtu mweusi wa msituni akatokea, uso wake ukajaa kitambaa kizima cha sinema, anatazama tu. Mara msichana wa kizungu dirishani, analia. Uso tena. Msichana tena. Tukapiga mayowe. Bunduki ikatoa moshi, yule mtu akaanguka, kibanda chake kikachomwa moto, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Sisi, watu wa Nyeri, tena mwaka ule! Naona haya hata kuandika. Na mimi nilipiga kuliko wote.

Nilipogeuka nikamwona baba benchi la nyuma, na nywele zake zile. Sikujua kwamba alikuwa amenifuata. Watu wakamkodolea, maana macho hayana pazia. Akainuka, akatoka polepole.

Mutahi aliliona lile. Akatangaza kwamba turudi Jumamosi ijayo, filamu ni hiyo hiyo. Wiki nzima alijifungia na ile filamu, wembe na gundi. Tuliporudi nilikuta baba hayupo. Alikuwa amekaribishwa, akakataa.

Uso ukajaa kitambaa. Kisha kibanda kinaungua. Uso tena. Moto tena. Msichana alikuja baadaye, na sasa ilikuwa kana kwamba anaulilia moto ule. Hakuna aliyepiga makofi. Warigia, muuza kabichi asiyemhurumia hata mteja wake, alijifuta macho kwa leso akisema maskini, wamemchomea.

Nilimwendea Mutahi nikamuuliza amemfundishaje yule mtu kuhuzunika. Alinionyesha kwanza kipande cha filamu kwenye mwanga, shingoni pale masizi yalipoishia. Kumbe hata hakuwa mweusi, alikuwa mzungu aliyejipaka.

"Hiyo uso ni ile ile," alisema. "Sijaongeza kitu, sijatoa kitu. Nimebadilisha tu kile unaona baada yake. Huyo mtu anaangalia tu. Hiyo uoga ni wewe ulimwekea."

Nimekaa mbele ya walimu wengi tangu siku ile, wengine wenye digrii, na sijaona wa kumshinda.

Jioni mama akanipa sahani ya githeri, mahindi na maharagwe, kama kawaida. Baba alikuwa ameketi mlangoni pa thingira, ananitazama kwa macho yale yale. Safari hii sikukimbia. Niligeuka kuona anatazama nini. Nyuma yangu hapakuwa na kitu, ila ua mtupu na jua linazama. Alikuwa akinitazama mimi.

Nikamwekea sahani mkononi. Nikamwambia pole.

"Pole ya nini?"

"Ya makofi," nikasema.

Alisogea kwenye benchi lake, akaniachia nafasi, nasi tukala sahani moja.