Pikipiki ya Baba Mkwe Isiyogonga

Baba mkwe wangu hakosei. Nimeoa kwake miaka kumi na moja, najua ninachosema. Siku mtungi wa maji ulipomponyoka mkononi, uliokemewa ni mtungi.

Kwa hiyo Ijumaa ile alipoisukuma pikipiki yake hadi gereji kwangu, alikuja na majibu kabisa.

"Injini imezeeka kama mimi," alisema. "Mwenye vyuma chakavu anaipitia saa kumi. Nipimie tu, asije kusema nimemuuzia mbuzi kwenye gunia."

Mama mkwe alikuwa nyuma yake, anachechemea. Goti lake linatibiwa kliniki kila Jumanne na Ijumaa, na kliniki iko juu ya kilima. Mwezi mzima pikipiki haipandi na watu wawili, kwa hiyo hushuka katikati ya kilima akamalizia kwa miguu, kwenda kutibiwa mguu. Ikiuzwa ndiyo basi, kliniki ataisikia kwa majirani. Roho iliniuma, ila mkwe hakaripiwi. Nikampa mama kiti.

Niliipasha injini moto, nikatoa plagi, nikafunga geji ya kupimia nguvu ya upepo kwenye tundu lake, nikavuta akseleta hadi mwisho na kupiga kiki. Sabini. Pikipiki ya aina ile ikiwa nzima hufika mia na hamsini.

"Si nilikuambia?" baba mkwe akasema.

"Subiri kidogo, baba."

Nikamimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi. Kipimo hiki nakipenda kwa sababu hakijui ukwe. Kama ringi za pistoni zimekwisha, oili huziba pengo na geji hupanda. Nikapiga kiki tena. Sabini na mbili.

Basi ringi hazikuwa na kosa, wala uzee haukuwa na kosa. Upepo ulikuwa ukitorokea kwenye valvu.

Tuliacha injini ipoe. Nikafungua kifuniko cha juu, nikajaribu kupitisha kibati cha kupimia pale juu ya valvu, panapotakiwa nafasi ya unene wa karatasi. Hakikupita. Valvu zilikuwa zimekazwa hata hazifungi sawasawa, na skrubu zake zilikuwa na mikwaruzo mipya.

"Khaa! Ni fundi gani huyu asiye na akili?" nikafoka.

Ndipo nikaiona bisibisi ndogo kwenye mfuko wa shati la baba mkwe.

"Huikaza mwenyewe," mama mkwe akasema. "Kila Jumapili, ikigonga kidogo tu."

Masikio yaliniwaka moto. Nikajifanya natafuta kitambaa.

"Wewe ndiye uliyesema kelele zake zinakupasua kichwa," baba mkwe akamwambia mkewe.

"Mimi? Lini?"

"Binti yetu alipokuwa anaota meno."

Binti huyo ni mke wangu. Ana miaka thelathini na minne.

"Nilikuahidi nitaitengeneza," baba mkwe akaendelea. "Sikuwa na nafasi. Sasa nimestaafu."

"Nilikuwa sijalala siku tatu, mume wangu! Siku ile hata jogoo ningemgombeza." Mama mkwe alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Zamani nilikuwa nakusikia tangu barabarani, nabandika chai. Siku hizi unaingia kimya kama mwizi, na mimi nimekaa dirishani nadhani umeanguka. Naogopa."

Nami nikazilegeza valvu, nikapima. Mia na thelathini na tano. Bahati yao hazikuwa zimeungua.

Injini iliwaka kwa kiki moja, ikawa inagonga tak-tak-tak. Baba mkwe aliinamisha sikio, mkono ukaenda mfukoni wenyewe. Akaitoa bisibisi, akaitazama, akanikabidhi.

"Mwenye vyuma akija," alisema, "mwambie injini haijazeeka. Fundi wake ndiye hakuwa na akili."

Mama mkwe akapanda nyuma, wakaondoka. Nilisimama mlangoni nikiwasikiliza, nikihesabu kona, hadi pale katikati ya kilima mama mkwe anaposhukia. Mlio haukusimama.