Wametutosha

Samoni walikuwa wanapita. Okalena Wassillie hakuhitaji mashine imwambie. Alikuwa amekaa ukingoni tangu chai ya asubuhi, jarife lake la kutegea samaki limekunjwa kavu kwenye beseni la plastiki miguuni pake, na kila baada ya dakika chache mgongo mweusi ulipasua maji pale mto unapokata kona, ukazama. Mfalme huyo. Tunamwita mfalme kwa sababu ndiye mkubwa kuliko samoni wote, ndiye mwenye mafuta, na ndiye anayetangulia kupanda mto kutoka baharini.

Hali ya hewa ilikuwa nzuri mpaka inakera. Jua, upepo mkavu, nzi hakuna. Siku za namna hiyo hapa kwetu kaskazini ni kumi na tano, zikizidi sana ishirini, mwanzoni mwa Juni. Samaki akianikwa kwenye chanja siku hizo anakauka vizuri, anaingia banda la moshi, na nyumba inakula mpaka barafu ya mto ivunjike mwaka unaofuata. Siku hizo zikipita mvua inaanza, nzi wanakuja, samaki anaoza akiwa ametundikwa. Lakini uvuvi ulikuwa umefungwa na idara ya samaki, na shemeji yake aliyethubutu kutega katika siku za kufungwa mwaka juzi alinyang'anywa wavu na mashua, na hadi leo hajarudishiwa hata kamba.

Ndani ya nyumba mama yake, Matrona, mwenye miaka themanini na sita, alikuwa anafyonza kipande cha ngozi ya samaki wa mwaka jana. Kilikuwa cha mwisho. Alikifyonza kidogo, akakirudisha kwenye kikopo, akafunika. Kuku wa dukani humtapisha.

"Wamefika?" akauliza.

"Wamefika, mama."

"Mbona basi unanukia sabuni, si samaki?"

Okalena akavaa koti, akaenda mkutanoni.

Ukumbi wa shule ulikuwa umejaa. Bwana Pruitt, ofisa wa samaki, alikuwa ameshuka na ndege ndogo asubuhi hiyo, akaleta maandazi ya sukari boksi mbili na taa ndogo ya rangi tatu. Kila msemaji dakika mbili. Kijani unaongea, njano unamalizia, nyekundu unakaa.

"Mashine yetu iliyotegwa huko chini ya mto imehesabu wafalme elfu kumi na moja," alisema, akionyesha mchoro ukutani. "Hatuwezi kufungua kabla hawajatimia elfu kumi na tano. Lazima wengine wafike juu wakatage, la sivyo wajukuu wenu hawatawaona. Naamini sote tunataka jambo moja."

"Samaki wanapita chini ya dirisha," alisema Balassia, "sisi tumefungiwa ndani tunaangalia picha yao."

Balassia ni binamu yake Okalena, mwanamke asiyejua kunong'ona. Watu wakacheka. Golga, mwenyekiti wa kijiji, akagonga meza.

"Balassia, ngoja taa."

Akawashiwa taa. "Haya. Zile meli kubwa za baharini zinazokokota nyavu. Zinatafuta samaki wengine, wetu wananasa humo, wanatupwa wamekufa. Na zenyewe zimefungiwa?"

"Hilo liko chini ya ofisi nyingine, mama."

"Samaki ni yuleyule."

"Ofisi ni nyingine," alisema Pruitt kwa upole, akafungua karatasi ya pili. "Na msidhani hatujali. Mahitaji yenu tumeyaangalia. Kwa takwimu za kila mwaka, kijiji hiki chenye nyumba arobaini na mbili hutumia wafalme mia tatu na kumi. Ni kama saba kwa nyumba. Ufunguzi mmoja wa muda wa saa kumi na mbili, mwezi Julai, unatosha kabisa kuwapatia hao."

"Saba kwa wiki?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Kwa mwaka."

Okalena alijua ile saba imetoka wapi.

Kila Oktoba huja msichana wa takwimu na kishikwambi chake, anapita nyumba hadi nyumba, anauliza mlipata wangapi. Nasi tunamjibu kama tulivyolelewa. Kwetu hutaji idadi ya samaki. Samaki anasikia. Ukijigamba kwamba unao mia, umemdharau, na mwakani atapita mto mwingine. Ukimgombania ni vilevile. Kwa hiyo hata banda likiwa limepinda kwa uzito unasema, wachache tu, wametutosha. Lakini msichana anataka nambari. Wachache ni wangapi, mama, watano, kumi? Okalena, mwaka mmoja, ili aibu ile iishe mgeni anywe chai, alikuwa amemwambia basi andika sita. Mwaka ule bandani mwake kulikuwa na tisini na nne.

Akanyoosha mkono. Taa ikawa kijani.

"Hesabu hiyo si kweli," alisema. "Mimi nilisema sita. Walikuwa..." Mstari wa mbele walikaa wazee, watu waliomfundisha kupasua samaki. Alikuwa na miaka hamsini na nane na neno kama hilo halijawahi kumtoka mbele za watu. "Walikuwa tisini na nne."

Bibi mmoja wa mbele akageuza uso, akatazama ukuta, kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga. Okalena alisikia aibu inampanda mpaka masikioni.

"Kwa hiyo uliipa idara taarifa za uongo," alisema Pruitt.

"Sikudanganya. Ndivyo tunavyosema."

"Ulisema sita, walikuwa tisini na nne. Kwa lugha yenu hiyo inaitwaje?"

"Adabu."

Pruitt alitabasamu, wala si kwa ubaya. "Mila zenu naziheshimu. Lakini nawe nielewe. Kila mwaka mnasema wachache. Leo mnataka nifungue, mnasema wengi. Nishike lipi? Mimi nafuata kilichoandikwa."

"Waulize na wengine. Waseme."

Akageuka kuwatazama. Watu wa nyumba arobaini na mbili. Balassia alifungua mdomo, akawatazama wale wazee, akaufunga, na sijawahi kumwona Balassia akifanya hivyo tena. Golga alikuwa anachunguza kucha zake. Mwaka uliopita Okalena alimsaidia mke wa Golga kupasua samaki siku tatu mfululizo, wakashindwa kuwamaliza.

Taa ikawa njano, kisha nyekundu.

"Muda umekwisha, Mama Okalena," alisema Golga, bila kumwangalia.

Walipotoka walikuta tangazo limeshabandikwa kwenye mlango wa duka. Uvuvi utabaki kufungwa hadi Julai kumi na moja, siku hiyo utafunguliwa kwa saa kumi na mbili. Lilikuwa na sahihi, muhuri, na tarehe ya juzi. Balassia aliisoma ile tarehe mara mbili.

"Sasa maandazi yalikuwa ya nini?" akauliza.

Julai kumi na moja ilikuwa siku ya sita ya mvua. Okalena alitega kuanzia saa iliyoruhusiwa hadi saa iliyoruhusiwa, akapata kumi na mmoja, maana wafalme wengi walishapita. Akawapasua kwa kisu chake cha nusu mwezi, akawaanika chini ya turubai, akawasha moto wa moshi, asiuache uzimike. Siku ya nne funza walikuwa wanadondoka kama mchele. Aliwatoa mmoja mmoja kwa kijiti, akaosha nyama kwa chumvi, akatundika tena. Siku ya saba alijaza ndoo, akawamwagia mbwa, na mbwa wenyewe walichagua. Alilia pale pale na ndoo mkononi. Hakuona haya, alikuwa amekwisha kuona haya ya kutosha mwaka huo.

Oktoba msichana wa takwimu akaja. Kelsey, jina lake, mtoto mwenye heshima, alivua viatu mlangoni. Akapewa chai. Matrona alikuwa kitandani pembeni, amekonda hata shuka halionyeshi kama kuna mtu, kikopo chake cha ngozi ya samaki karibu na kichwa.

"Mwaka huu mlipata wafalme wangapi, mama?"

"Kumi na mmoja," alisema Okalena, safari hii bila kusita. "Wote waliozea kwenye chanja. Na mwaka ule niliokwambia sita, walikuwa tisini na nne. Andika."

"Ya miaka ya nyuma imeshafungwa, siwezi kuigusa." Kelsey alikuwa anasikitika kweli. "Na waliooza hawaingii. Swali linasema walioliwa na watu. Kwa hiyo naweka sifuri."

"Basi andika tunaohitaji."

Kelsey alipandisha na kushusha kidole kwenye kioo. "Swali hilo halipo. Mahitaji wanayapigia hesabu wenyewe ofisini, kutokana na mlichokula."

Okalena alitazama ile sifuri. Ilikuwa ndogo, nyeusi, imekaa katikati ya kisanduku chake.

"Kuna sehemu ya maoni," alisema Kelsey. "Unataka kusema lolote?"

Okalena alivuta pumzi. Lakini Matrona alikuwa ameamka muda mrefu, amesikia samaki wanatajwa kwa idadi ndani ya nyumba yake, mbele ya mgeni. Akajiinua kwa kiwiko. Mkono mmoja aliuweka juu ya kikopo, kisionekane. Akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ya mwenye nyumba:

"Mwambie wametutosha. Tunashukuru."

Okalena alimgeukia. Mama yake alikuwa anamkazia macho, yale yale yaliyomfundisha adabu tangu hajaota meno.

"Mama," alisema Okalena, "mama, nyamaza kidogo."

"Hilo neno nalijua," alisema Kelsey, akafurahi. "Nimelisikia kila nyumba leo."

Akaliandika, akashukuru kwa chai, akavaa viatu. Matrona alingoja mpaka mlango ufungwe, ndipo akafunua kikopo.